Ugonjwa wa Kiroboto

Keki ya harusi ilipoanguka kifudifudi kwenye kiti cha nyuma, Mama Keki hakulia. Alishuka, akafunga mlango taratibu, akaliambia gari, "Sasa ni mimi na wewe. Mmoja wetu atamjua mwenzake."

Watu walimwita Mama Keki ingawa hakuwa na mtoto hata mmoja. Keki alizooka ndizo zilizompa jina. Gari lake, kuukuu na dogo kama kibiriti, waliliita Kiroboto kwa jinsi lilivyorukaruka kwenye mashimo. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja. Lilikwenda vizuri, kisha katikati ya mwendo likaanza kukohoa, likazimika. Ukilisubiri kidogo, linawaka kama vile si lenyewe. Safari hii lilizimika katikati ya makutano, lori likiwa nyuma yake. Alikata usukani, lori likapita kwa kuponea chupuchupu, keki ikaenda na maji.

Mafundi walikwisha kubadilisha plagi na koili, wakasafisha kabureta. Kila kilipofika gereji, Kiroboto kilitulia kama mkwe ugenini. "Dada, gari hili zima kabisa," walimwambia.

Nyumbani alimkuta baba yake sebuleni, redio sikioni. Mzee alikuwa fundi magari maisha yake yote, mpaka ugonjwa wa sukari ulipomnyang'anya macho. Tangu hapo kisanduku chake cha spana kilikaa uvunguni, na habari za magari hakutaka hata kuzisikia.

"Baba, nahitaji fundi."

"Mafundi wamejaa tele huko nje."

"Nimewamaliza. Umebaki wewe."

"Fundi kipofu ni sawa na kinyozi asiye na mikono. Niache nisikilize taarifa."

"Mikono ninayo mimi, na macho pia. Wewe lete kichwa."

Sauti ya mama ikatoka jikoni: "Mchukue, mwanangu, mchukue! Mimi na hiyo redio yake tumechokana!"

Mzee alinung'unika, lakini asubuhi alikuwa amekaa kiti cha mbele, kisanduku mapajani. "Likizimika, usiliache lipoe," alisema. "Ugonjwa hupimwa mgonjwa akiwa na homa. Injini inataka hewa, mafuta na moto. Ikikosa kimoja, imekwisha. Na nakuambia mapema, hapa shida ni moto. Koili ndiyo huleta cheche, na nyingine ni mpya kwa rangi tu."

Walizunguka mitaa hadi Mama Keki akaanza kuona aibu, maana gari lilikwenda kama saa. Walipopanda mlima ulio nyuma ya ghala la mbao, likakohoa. Likakohoa tena, likafa. Alilisogeza pembeni kwa mwendo uliobaki, akaruka nje kama aliyeshinda bahati nasibu.

"Limezimika, Baba! Limezimika!"

"Basi usicheze. Chomoa plagi moja, irudishe kwenye waya wake, ishike kwa koleo iguse chuma." Mzee alihamia kwenye usukani kwa kupapasa, akapiga stata. Kwenye ncha ya plagi ikalia *tak, tak, tak*.

"Cheche ya buluu, Baba. Nene."

Mzee aligeuza sikio kuelekea injini. "Rudia."

Wakarudia, mambo yakawa yale yale. "Haya, si moto," alisema, kama mtu anayemeza kidonge bila maji. "Rudisha plagi. Sasa chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa."

Stata ikalia tena. Yakadondoka matone mawili matatu, kisha pakawa pakavu, ilhali mafuta tangini yalikuwa tele.

"Pampu," Mzee alisema. "Imekufa."

Mama Keki aliinama juu ya injini, jasho likimtiririka. Jibu hilo halikumwingia. "Pampu ikifa, Baba, inafufukaje tukisubiri?"

Mzee aliinua kidevu. "Endelea."

"Ninapopamba keki, bonge la sukari likiziba mdomo wa mfuko, kadiri ninavyominya ndivyo linavyokaza. Nikiachia, linarudi ndani. Je, kama kuna kitu tangini? Pampu inavuta, nacho kinakuja kuziba bomba. Gari likizimika, hakuna wa kukivuta, kinaelea kwenda zake."

Mzee akashuka, akapapasa ubavu wa gari hadi nyuma, akapiga magoti vumbini na kuweka sikio penye tangi. "Chomoa mpira unaotoka huku kabla haujafika kwenye pampu. Upulize kwa mdomo."

Mama Keki akapuliza. Mashavu yakamvimba kama mpiga tarumbeta, pumzi isipite. Akavuta nyingine, akapuliza kwa hasira zote za keki iliyoharibika. Ghafla njia ikafunguka.

"Bwaa!" Mzee alipiga kelele. "Nimesikia mapovu! Kimebanduka!"

Waliporudisha mipira, gari liliwaka mara moja. Hawakuliamini. Walipofika nyumbani walinyonya mafuta yote, wakalaza turubai uani na kulishusha tangi. Nati zilizojificha Mzee alizipata kwa vidole kabla binti yake hajaziona. Walipoligeuza na kulitikisa, kikatoka kipande cha nailoni, kipana kama kiganja, laini kama ganda la kitunguu: kile kinachoziba mdomo wa dumu la mafuta chini ya kifuniko. Nani alikiangusha humo, hawakujua.

Mzee alikifikicha kati ya vidole. "Na mimi nilikwisha kuapa kuwa ni koili," alisema, akacheka mpaka akakohoa. Mkewe akatoka mlangoni kuona kulikoni.

Jumamosi Mama Keki alipeleka keki ya orofa tatu, Mzee akiwa nyuma ameizungushia mikono. Walipita makutano, wakapanda, wakashuka. Waliporudi, jirani alikuwa akiwasha gari lake, nalo likitoa mlio kama wa kuku aliyekabwa.

"Mkanda umelegea huo," Mzee alisema, akiteremka. "Binti yangu, nipe spana. Halafu njoo unielekeze nati iko wapi."