Kitasa cha Ndani

Mtaa mzima ulimwita Mizani, na jina lilimkaa. Tangu ujana mpaka alipostaafu, kazi yake ilikuwa kukagua mizani za madukani, kuhakikisha kilo ni kilo, na kuwashika wale wenye ujanja wa kubandika kipande cha chuma chini ya sahani ili sukari ionekane nzito. Alikuwa na jicho. Mwenye duka angeficha kitu popote alipopenda. Mizani angekipata, angekitoa kwa vidole viwili na kukiweka juu ya kaunta bila kutia neno. Siku ya kumuaga, idara ilimpa tai yenye nembo na mkubwa wake akasimama kusema kwamba huyu ni mtu asiyedanganyika. Mkewe alikuwapo, safu ya mbele. Alipiga makofi kama wenzake.

Baada ya hapo hapakuwa na mizani ya kukagua, na mtu wa namna ile hawezi kukaa barazani akihesabu wapita njia. Akaigeukia pikapu yake. Aliinunua mwaka wa pili wa ndoa, wakati huo tayari imeshatumika. Ilibeba saruji ya kujengea nyumba, ikabeba vitanda, ikabeba mabinti wawili kwenda shule, na mwishowe ikabeba mizigo ya mabinti haohao walipokwenda kuanza maisha yao. Kisha ikazimika uani, na kutu ikajitwalia kilichobaki. Mizani alikata shauri kuifufua. Si kuitengeneza iende tu. Gari la kwenda tu hata fundi wa kando ya barabara anaweza. Yeye alitaka kila kitu kiwe kama kilivyotoka kiwandani, na alilisema hilo kwa kila aliyeuliza na kwa wengi ambao hawakuuliza.

Gari likafunguliwa lote. Uani hapakutosha, na mvua haina adabu, kwa hiyo vipande vikaanza kuhamia ndani. Giaboksi ilikaa uvunguni mwa kitanda cha wageni. Bampa ililazwa juu ya kitanda hichohicho, maana wageni walikuwa wameshaacha kuja. Kabureta ilichemshwa katika sufuria ya wali, na sufuria ile haikurudi tena kwenye wali. Kiti cha gari kilishonwa upya kwa ngozi nyeusi, kikawekwa sebuleni kisije kikashika vumbi, na kochi likatolewa barazani ili kukipisha. Jioni mume na mke walikaa juu ya kiti hicho kusikiliza taarifa ya habari, bega kwa bega, macho mbele, kama watu walio safarini. Hawakufika popote.

Tusimwonee mkewe: mwanzoni alisema. Aliulizia sufuria yake. Aliuliza ataogea wapi ikiwa rediata imekaa bafuni. Baadaye akapunguza, na mwaka wa pili ulipoingia alikuwa amebakiza maneno machache ya lazima: chakula kipo pale karibu na taa ya kushoto, umekalia miwani yako, maji yamekatika. Mizani hakuona tatizo lolote. Aliona nyumba imetulia, na mtu mwenye msasa mkononi hupenda utulivu.

Sasa, pikapu ile ilikuwa na sifa moja ambayo mtaa uliijua vizuri, ila uliijua vibaya. Kila Mizani alipoegesha, alishuka, akazunguka mbele ya boneti, akafika upande wa pili na kumfungulia mkewe mlango. Mvua, jua, sokoni, hospitali, msibani, hakukosa hata mara moja. Wanawake walimwonyesha kwa waume zao. Jirani yake wa ukuta mmoja, fundi wa kuchomea aliyeitwa Cheche, alikiri kwamba nyumbani kwake jina la Mizani lilitajwa kila ugomvi, na kwamba kuna wakati alitamani gari lile lichukuliwe na mafuriko.

Ukweli ni kwamba kitasa cha ndani cha mlango ule kilikuwa kimekufa. Ukikaa kiti cha abiria hutoki mpaka ufunguliwe. Mizani aliahidi kukitazama wiki ileile kilipokufa, akaahirisha, na miaka ikapita. Sifa zilipoanza kumiminika hakuzikanusha. Alivishwa kilemba cha ukoka naye akakivaa, tena akakilaza upande kidogo. Kwa mtu aliyekula mshahara kwa kupinga uzito wa uongo, jambo hilo halikumpendeza, na ndiyo maana kitasa kile kiliwekwa kuwa kazi ya mwisho, ya kumsafisha.

Injini ilipowaka kwa mara ya kwanza, mkewe alitoka jikoni, akafuta mikono, akasikiliza.

"Likiweza kutembea," alisema, "utanipeleka kwa dada."

Dada yake mkubwa, mjane, aliishi mji wa jirani, mwendo wa asubuhi nzima. Mizani alifurahi sana. Alikuwa anatafuta safari ya majaribio, tena yenye mzigo.

"Mzigo kilo ngapi?" aliuliza.

"Vyangu vyote."

"Na cherehani?"

"Na cherehani."

Mizani alifikiri, akasema springi za nyuma zitamudu. Siku hiyohiyo alimweleza Cheche kwa furaha, juu ya ukuta. Cheche alivua miwani yake ya kuchomea, akasema mwanamke akibeba cherehani haendi kutembea. Mizani akamjibu kwamba, kinyume chake, cherehani ikiwekwa katikati husaidia kusawazisha uzito. Cheche akavaa miwani yake na kurudi kazini.

Siku zile za mwisho kiti kilirudishwa garini, na sebule ikabaki na pengo. Mizani alitaka kuliingiza kochi mahali pake. Mkewe alisema liache tu huko nje. Akaendelea kufunga mizigo yake ukumbini, furushi baada ya furushi, kwa vipande vya nguo kuukuu.

Basi mchana mmoja Mizani akafungua skrubu za ubao wa ndani wa mlango wa abiria, akautoa, akachungulia. Alitegemea kukuta kutu, au kijichuma kilichokatika. Hakikuwa kimekatika kitu. Kifimbo cha chuma kinachotoka kwenye kitasa kwenda kwenye komeo kilikuwa kizima, kimefungwa kwenye bati la mlango kwa kipande cha kitambaa kisisogee. Kitambaa kilikuwa cha buluu, kimepauka, kina maua ambayo zamani yalikuwa ya njano.

Jicho lake la kazi lilifanya kazi kabla ya akili. Hiki si kitasa kilichokufa, hiki ni kitasa kilichochezewa. Mtu alikuja, akafungua, akafunga kitu ndani, akarudisha ubao na kukaza skrubu vizuri asionekane. Fundi fulani wa kando ya barabara, alijisemea, mshenzi mkubwa. Akajaribu kulifungua fundo kwa kucha, likagoma. Akaingia ndani kuchukua koleo.

Ukumbini mafurushi yalikuwa yamepangwa ukutani. Mizani alipita na koleo mkononi, kisha akarudi hatua mbili. Kila furushi lilikuwa na fundo lilelile, lile la mkia kuingizwa ndani kisha kuvutwa kwa chini. Alilijua sana. Maisha yake yote hakuwahi kulifungua; kila walipofika safari alikuwa akimwita mwenyewe aje alifungue. Na ukutani, juu ya mafurushi, ilining'inia picha ya mkewe akiwa msichana, amevaa gauni la buluu lenye maua ya njano, picha ambayo Mizani alikuwa akiipita kila siku akienda kula.

Alisimama pale na koleo lake. Kitu cha kwanza alichosikia moyoni kilikuwa hasira, tena hasira ya kikazi. Mtu asiyedanganyika. Miaka thelathini na kitu alikuwa akizunguka boneti kama punda wa kinu, na kipande cha uongo kimefungwa humohumo ndani ya gari lake. Alirudi uani, akakata fundo kwa koleo, akavuta kitasa. Mlango ukafunguka, laini, kama siku ulipotoka kiwandani. Akaufunga na kuufungua tena. Kazi ilikuwa imekwisha, na alishangaa kuona hajafurahi.

Ili kuujaribu vizuri ilibidi aketi ndani. Akaingia upande wa abiria, akafunga mlango. Hakuwahi kukaa pale hata siku moja. Akatazama mbele kupitia kioo, akaiona boneti yote, na kule ng'ambo ya boneti mahali ambapo dereva hupita akija kufungua.

Hapo ndipo alipokumbuka. Walikuwa bado wabichi katika ndoa, wamealikwa kwa mkubwa wake wa kazi. Aliegesha, akashuka, akaingia ndani, akasalimia, akaketi, akapewa soda na kuinywa nusu, mpaka mwenye nyumba akamwuliza kama shemeji hakuja. Shemeji alikuwa getini, mtoto mkono huu, mkoba mkono ule, na mbwa wa mwenye nyumba mbele yake. Njiani kurudi mkewe alitazama nje tu. Wiki iliyofuata kitasa kikafa. "Kimekufa hiki," alimwambia, naye akasema atakitazama.

Mizani aliendelea kukaa. Aliona kwamba mtu akiwa kwenye kiti hiki, uso wa mumewe unamjia kutoka mbele, unakua, unafika mlangoni. Huenda siku nzima iliyobaki hauoni. Na miaka hii miwili ambayo gari lilikuwa vipande sebuleni, mkewe hakuuona kabisa. Aibu ilimshika, kisha hofu ikaipiga kumbo aibu, kwani aliyakumbuka maneno ya Cheche kuhusu cherehani, na safari hii aliyaelewa. Mkewe alikuwa anaondoka. Alikuwa anaondoka na kila kitu, na gari la kumpeleka alikuwa amelitengeneza yeye mwenyewe kwa mikono yake, kwa udi na uvumba, mpaka springi za nyuma.

Alitoka. Kitambaa kilikuwa vipande viwili, hakifai tena. Akaenda kabatini, akaitoa tai ya idara, akaikata kipande kirefu chenye nembo, akarudi kukifunga kifimbo. Fundo la kwanza lililegea. La pili pia. Akayarundika manne, akarudisha ubao na kukaza skrubu asionekane.

Siku ya safari mtaa ulitoka kuitazama pikapu. Ilimeta kiasi cha kuumiza macho. Cheche alisaidia kupakia cherehani, akaiweka katikati bila kuambiwa. Mizani alimfungulia mkewe, akamfungia, wakaondoka. Njia nzima injini ililia vizuri, na kwa mara ya kwanza tangu aliponunua msasa, Mizani hakuitaja. Mkewe alitazama nje. Kwa miaka miwili alikuwa amesikia kwamba kila kitu kitakuwa kama kiwandani, na aliijua orodha yote mpaka mwisho wake, kitasa.

Walisimama mbele ya geti la dada. Injini ikazimwa. Mkewe akashusha pumzi, akakamata kitasa cha ndani, akavuta. Akavuta tena. Kisha akageuka polepole kumtazama mumewe.

"Huo mlango umenishinda," alisema Mizani.

Alishuka. Akazunguka boneti, na kwa jinsi ilivyong'aa ungedhani ataitazama, lakini alimtazama mkewe kupitia kioo tangu taa ya kwanza mpaka ya pili. Akafungua. Mkewe hakushuka.

"Umefunga na nini?"

"Tai."

"Ile ya idara?"

"Ileile."

Mkewe alifikiri. "Mafundo mangapi?"

"Manne."

"Yatalegea. Wewe hujui kufunga."

"Sijui," alikubali Mizani. Kisha akaongeza, kwa sauti ileile aliyokuwa akisomea uzito madukani, "Na sitaki kurudi nyumbani peke yangu. Naogopa."

Geti lilifunguliwa. Dada mtu alitokea na funguo mkononi, chumba ameshakifagia, akauliza kama waanze kushusha mizigo sasa au wapumzike kwanza. Mkewe Mizani alitazama mbele, pale ambapo dereva hupita, kisha akautoa mkono wake nje. Mizani akaupokea, akamteremsha.

"Tumepita kukusalimia tu, dada," alisema mkewe.

Dada mtu alitazama nyuma ya pikapu. Palikuwa na godoro, masanduku mawili, mafurushi hayana hesabu na sufuria mpya ya wali. Macho yake yakaishia katikati.

"Na cherehani nayo imekuja kusalimia?"

"Nayo, shemeji," alisema Mizani.

Akafunga mlango wa gari, akasimama kumsubiri mkewe aweke sawa nguo zake, wakaingia ndani pamoja.