Kwa Nini Mke wa Lutu Aligeuka

Nilichoona kwanza ni mikono ya mayu, mama yangu. Iliacha kuchambua choroko.

Jumuiya ilisali kwetu siku hiyo, hapa Somanda. Katekista Joakim alikuwa amesoma habari za mke wa Lutu: aliambiwa asitazame nyuma, akatazama, akawa nguzo ya chumvi.

"Mbona huyo tunaye hapa!" jirani yetu Felisita akasema, akimwonyesha mayu kwa kidevu. "Miaka yote gari la Maswa likipita, shingo yake inazunguka yenyewe."

Watu wakacheka. Mayu naye akacheka, kidogo.

Wanajua alivyoondoka kwa baba kule Binza, Maswa, akaniacha nina miaka saba. Kwetu ng'ombe wa mahari wakishatolewa, watoto ni wa baba. Shangazi zangu walinilea wakisema, "Mama yako alikwenda bila hata kugeuka." Nilimfuata mayu mwaka jana, nikiwa mkubwa. Anajua niliambiwa hivyo, ila hajawahi kuniuliza kama niliamini.

"Taratibu, Felisita," Joakim akasema. "Walimu wa Wayahudi, wakikuta Maandiko yamenyamaza, huuliza, kisha hujibu kwa hadithi. Hapa waliuliza: aligeuka kwa nini? Wakampa na jina, Idit. Wakasema alikuwa na mabinti walioolewa mjini mule. Aligeuka kuona kama wanamfuata."

"Huo mstari wa ngapi?" Felisita akauliza.

"Haumo. Hadithi yenyewe inakaa pembeni ya mstari, inausaidia kusema."

Mimi niliishia darasa la nne. Zamu ya kusoma ikinifikia huwa naipitisha kwa mwingine. Lakini swali likanitoka. "Mabinti walimwona akigeuka?"

"Hilo sijasikia likijibiwa. Wewe unasemaje, Nyanjige?"

Wote wakanitazama. Nikainamisha kichwa.

"Mmoja alimwona. Alikuwa amejificha nyuma ya magunia ya pamba."

"Kumbe Sodoma nao walilima pamba!" Felisita akasema, akacheka peke yake.

Mayu alikuwa ameweka ungo chini.

"Na huyo binti," akauliza polepole, "waliomlea walimwambia nini?"

Sikuweza tena kuendelea na Sodoma.

"Nilikuona, mayu. Uligeuka mara tatu. Walivyosema hukugeuka, sikuwaamini hata siku moja."