Kivuli cha Saa Sita na Dakika Ishirini na Saba

Fundi Zahoro alikuwa amekwisha kuchimba msingi wa ukuta mmoja wa ubavuni ndipo mashaka yalipomwingia. Kazi ilikuwa msikiti mdogo huko Msimbu, kwenye kiwanja alichokitoa Bi Kidawa baada ya mumewe kufariki. Kibla walikuwa wamekipima kwa simu ya Said, katibu wa kamati ya ujenzi. Siku ya tatu Abdulkadiri, fundi mwenzake, akafungua simu yake pale pale penye mtaro, mshale ukaelekea kwingine. Wakaleta simu ya tatu. Nayo ikawa na njia yake.

Zahoro alikuwa amejenga miaka thelathini, Kisarawe, Kibaha hadi Dar. Nyumba ikikaa upande kidogo, mwenye nyumba hupanga makochi yake na maisha yakaendelea. Lakini hapa watu wangesimama safu kwa safu, wao na wajukuu zao, wakielekea alikowaelekeza yeye.

Akamkumbuka Mwalimu Aneth wa Sofu, Kibaha. Alipomjengea nyumba, miaka sita nyuma, mwalimu huyo wa jiografia alisimama ndani ya kuta zisizo na paa akagusa tofali moja na kusema, "Mwezi wa kumi na mbili jua la asubuhi litapiga hapa." Zahoro aliitikia kwa adabu tu, hakuamini. Desemba akarudi kurekebisha mlango, akalikuta jua limekaa juu ya tofali lile.

Akampigia simu, akamweleza.

"Nondo za ujenzi mmeziweka wapi?" Aneth akauliza.

"Pembeni ya mtaro."

"Ndizo zinazowapotosha. Ndani ya simu mna kitu kama sumaku, kikikaribia chuma kinavutwa. Leo tarehe ngapi, fundi?"

"Kumi na mbili, Julai."

Aneth akahesabu siku kwa kunong'ona. Alipomaliza, sauti yake ilikuwa imebadilika. "Usichimbe tena. Jumamosi na Jumapili, saa sita na dakika ishirini na saba mchana, jua litakuwa utosini mwa Makka. Mtu aliyesimama kule hatakuwa na kivuli. Wewe ukiwa Msimbu, ukilitazama jua lilipo, umeitazama Makka. Naomba nije. Hili nimelifundisha miaka kumi na mmoja, sijawahi kuliona kwa macho yangu."

Jumamosi mumewe, Godbless, akamleta kwa gari kupitia njia ya Kiluvya. Aneth alikuwa amejifunga kitenge na mtandio, na kwanza kabisa akaenda kumwamkia imamu, Mzee Mwinyimadi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Fundi katueleza habari zako."

"Mimi ni Mlutheri, mzee. Kama itawakwaza, nitamwelekeza fundi nikiwa kule barabarani."

"Jua ni la nani?" Mzee Mwinyimadi akasema. "Ingia, mwanangu."

Walisimamisha bomba la chuma penye mwanzo wa mtaro, Zahoro akalinyoosha kwa pima maji pande zote mpaka akaridhika. Watu wakasogea. Saa sita na dakika ishirini wingu zito likaja kutoka upande wa Pugu, likatulia juu yao. Dakika zikapita. Chini ya bomba hapakuwa na kitu, vumbi tupu.

"Basi tufuate simu," Said akasema. "Mtaro tayari upo."

"Kesho saa ile ile itafaa vilevile," Aneth akajibu. "Kwa siku moja jua halisogei sana."

"Na kesho likija wingu?"

Aneth akalitazama wingu. Mzee Mwinyimadi ndiye aliyesema kwamba kijiji kilichongoja msikiti miaka yote hiyo hakitashindwa kungoja hadi kesho.

Jumapili Aneth alisali ibada ya kwanza Kibaha, akafika Msimbu saa tano na nusu. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa joto, haina doa. Akamwita Said amsaidie kushika saa, iliyolinganishwa na redio. Saa za kwao na za Makka ni zile zile, akamwambia, kwa hiyo hakuna hesabu ya kujumlisha wala kutoa.

"Ishirini na tano," Said akasoma. "Ishirini na sita."

Zahoro alipiga magoti, mambo moja, kigingi kidogo cha mti, mkononi na nyundo pembeni.

"Ishirini na saba."

Akaipigilia mambo kwenye ncha ya kivuli, akafunga uzi, akauvuta kutoka kwenye mambo hadi kwenye bomba na kuupitiliza mbele, upande wa jua. Kisha akautazama mtaro wake, uliopaswa kuufuata uzi ule. Uliuacha uzi pembeni, na kadiri ulivyokwenda ndivyo pengo lilivyozidi. Mwisho wa ukuta lilikuwa hatua mbili kamili.

Zahoro alichukua koleo, akaanza kuurudishia mtaro udongo. Baada ya muda kidogo Said akavua viatu, akachukua koleo la pili.

Aneth alikuwa bado amechutama penye kivuli, ameweka kiganja chake ardhini. Bi Kidawa akamfuata na kikombe cha maji.

"Mwanangu, unalia?"

"Hapana, Bibi. Nawaza tu. Mwanga huu uliogonga bomba umetoka juani dakika nane zilizopita. Sisi tulikuwa bado tunalinganisha saa, wenyewe upo njiani. Na sasa hivi, kila nchi inayoliona jua, ukisimika kijiti kikanyooka, kivuli chake kinaipa Makka mgongo. Vijiti vyote, kwa pamoja."

Bi Kidawa aliangalia bomba, akaangalia ardhi. "Nimeanika mpunga kwenye jua hili tangu utotoni," akasema. "Kumbe lina mpango wote huo."

"Nalo ni nyota moja tu, Bibi. Zile za usiku nyingi ni majua kama hili, mengine makubwa zaidi. Umbali ndio unaoyafanya madogo."

"Na huko nako wapo watu wanaovuta uzi?"

"Sijui, Bibi. Hakuna anayejua bado."

"Basi Mola anajua," Bi Kidawa akasema, akakaa chini kando yake bila kujali vumbi. "Niambie ile nyota iliyo karibu zaidi nasi. Mwanga wake unatumia muda gani kutufikia?"

"Zaidi ya miaka minne."

Mama huyo aliguna taratibu, kama mtu aliyeonjeshwa kitu asichokijua na kukipenda. Nyuma yao Zahoro na Said walikuwa wamefika katikati ya mtaro, na Abdulkadiri alikuwa akihamisha nondo kuzipeleka mbali, upande wa barabara.