Kuoga kwa Maji ya Chumvi

Zarmina alijimwagia kopo la mwisho huku ameuma meno. Maji ya kisima cha mtaani kwao, Korangi, ni ya chumvi. Sabuni haitoi povu, inaganda mwilini kama uji uliopoa. Alikuwa ameoga jana asubuhi, akaoga jioni, na sasa tena. Tangu Madamu Tahmina, msimamizi wa kiwanda cha biskuti, alipomwambia mbele ya wenzake kwamba ananuka, alikuwa akijisugua hivyo kwa sabuni ya kufulia, na ndani ya ndoo ametia dawa ya kuoshea sakafu. Mikono ilikuwa imepasukapasuka.

"Utajichuna kama mbuzi wa Idi," mama mkwe akasema mlangoni. "Sisi tulikuwa tukioga Ijumaa, na waume zetu walitung'ang'ania vilevile."

"Nyinyi hamkupanga biskuti, mama."

"Lete mikono hapa."

Mama mkwe akampaka mafuta ya haradali mpaka viwikoni, kama apakwavyo mtoto mchanga wakati wa baridi. Mwasho ukatulia. Leo daktari wa kiwanda alikuwa anakagua ngozi, na anayekutwa na ugonjwa hurudishwa nyumbani. Mume wa Zarmina alikuwa kitandani tangu aanguke kwenye ujenzi. Nyumba nzima ilikula kwa mikono hiyo.

Getini Madamu Tahmina akanusa. "Haradali! Wewe mfanyakazi au achari?"

Foleni ikacheka.

"Nimeoga, madamu. Wallahi tena."

"Kaoge upya. Biskuti zangu hazitanuka wewe."

Zarmina akaenda kwenye bomba la wafanyakazi, lile lile la chumvi, akajisugua. Mafuta yakatoka, na magamba ya vidonda nayo yakatoka. Alipofika mezani kwa daktari mikono ilikuwa myekundu, inachuruzika majimaji.

Daktari hakumgusa. Alipandisha mkono wa gauni kwa ncha ya kalamu.

"Upele huu. Huogi?"

"Naoga asubuhi na jioni. Nimeambiwa nanuka."

"Kwa maji gani?"

"Ya kisima. Na dawa ya sakafu kidogo."

Daktari akashusha pumzi. "Unajiunguza, dada. Oga mara moja kwa siku, hata siku moja uruke, si neno. Maji matamu, sabuni laini, basi."

"Kwa hiyo si upele?"

Daktari akamtazama Madamu Tahmina, aliyekuwa amesimama kando ya meza. Madamu akamtazama daktari. "Rudi ukipona," daktari akasema.

"Nitaponea wapi? Maji matamu huja na lori, na lori mtaani kwetu linapita tu, halisimami."

"Hilo si la daktari. Mwingine!"

Uani dereva alikuwa akiosha gari la mkurugenzi. Povu lilijaa juu ya boneti, jeupe, limefura. Zarmina akasimama. Akakinga kiganja chini ya mpira wa maji, akaonja.

Matamu.

Akakunja mikono ya gauni, akamnyang'anya dereva mpira.

"We dada! Wataniachisha kazi!"

"Sema nimekupora."

Alianza na mikono, taratibu, akapanda shingoni, akavua kandambili akaosha na miguu. Madirishani wenzake waliacha mashine, wakajazana. Madamu Tahmina akatoka mbio, viatu vikigonga sakafu.

"Funga hayo maji! Unafanya nini hapo?"

Zarmina hakugeuka.

"Subiri, madamu. Ndiyo kwanza naoga."