Kumbukumbu za Bwana Kropp

Wiebke Harms hakumsamehe Bwana Kropp, wala hakujaribu.

Detlef Kropp alikuwa mwenyekiti wa chama cha bustani, pembezoni mwa Oldenburg. Ndiye aliyeandikisha kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba mama yake Wiebke aliwamwagia sumu nyuki wa jirani. Hakusema anadhani. Karatasi ilisema alimwaga, basi. Wanachama wakanyoosha mikono, na Mama Harms akanyang'anywa kibustani alichokilima miaka ishirini na sita. Sasa alipanda vitunguu kwenye makopo, ghorofa ya tatu.

Ukatibu ulipobaki wazi hakuna aliyeutaka, maana katibu huandika wenzake wakila soseji. Wiebke, mwenye bustani namba kumi na nne, akanyoosha mkono.

"Wewe, muuza mikate?" Kropp akacheka. "Utaandika nini, idadi ya maandazi?"

"Nitaandika unayosema, Mwenyekiti."

Shule aliiacha mapema. Kila Alhamisi akawa anakwenda kwa Mwalimu Ahlers, jirani yake mstaafu, kujifunza ile sura ya kitenzi iliyompita darasani. Sisi Waswahili, tukisimulia maneno ya mtu mwingine, tungetia "ati". Wajerumani hukigeuza kitenzi chenyewe.

"Ukisema kavu kavu, umeapa wewe," Mwalimu alimwambia huku akimenya viazi. "Ukikigeuza, umebeba tu maneno ya mwenzio. Yakioza, ni yake."

"Na kumbukumbu za mwaka jana?"

"Hakuna kitenzi hata kimoja kilichogeuzwa, mwanangu. Kropp alipayuka, karatasi ikaapa."

Wiebke akavikariri vitenzi vya kugeuzwa akifunga mikate, miezi minne, bila haraka.

Kikao cha kamati kilipofika, akamuuliza Kropp kwa upole ilikuwaje hasa ile habari ya sumu. Kropp, bia mkononi, akamwaga yote. Wiebke akageuza kila kitenzi.

Jumapili ya mkutano mkuu akasimama kusoma, kama desturi, kabla kumbukumbu hazijapitishwa.

"Mwenyekiti alisema ati alimwona Mama Harms kwa macho yake. Ati alikuwa na ndoo. Ati ilikuwa asubuhi ya Sikukuu ya Kupaa."

Fundi bomba Onno Tapken akaweka uma chini. "Kupaa? Detlef, we! Siku ile tangu alfajiri wanaume wote si tulikuwa msituni na mkokoteni wa bia? Wewe tulikurudisha humo humo, unakoroma!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kropp akawa mwekundu hadi masikioni.

"Katibu amebuni!"

"Sijabuni," Wiebke akasema. "Tazama vitenzi, Mwenyekiti. Humo hamna hata neno langu moja."

Wanakamati wawili waliomsikia siku ile wakaitikia kwa vichwa: ndivyo alivyosema. Mikono ikanyooka tena, safari hii kumrudishia Mama Harms bustani yake.

Kropp akamwinamia Wiebke, sauti chini. "Futa ile tarehe, binti. Nakuomba. Nitatazamana vipi na watu?"

Mama yake naye aliomba mwaka jana, kwenye ukumbi uleule, mbele ya watu hawa hawa. Wiebke alikumbuka jinsi Kropp alivyokuwa akitafuna.

Akaandika: Mwenyekiti aliomba ati tarehe ifutwe. Akamsogezea karatasi na kalamu.

"Sahihi yako hapa chini, Mwenyekiti. Bila hiyo kumbukumbu hazipiti."

Watu wote walikuwa wakitazama. Kropp akatia sahihi.