Tumbaku ya Bwana Haldane

Maji yalichemshwa mara ya pili na bado paja la Darcy lilikuwa likitoa usaha. Shangazi Josette alichovya kitambaa, akakikamua, akakibana pale palipovimba. Darcy aling'ata mkono wa sweta lake. Hita ilikuwa imekufa tangu Jumapili na ndani ya lile duka walikuwa wamevaa makoti kama watu wanaongoja treni.

“Hiyo sindano ya homoni ulichomwa na nani?” Josette aliuliza.

“Si unajua.”

“Najua. Nataka unitamkie.”

“Yule jamaa wa baa ya relini. Sasa ningefanyaje, Shangazi? Wilma haji tena. Niote ndevu?”

Josette aliweka kitambaa kando. Alichukua kalamu ya wino akachora mstari kuuzunguka wekundu wote, kama Wilma muuguzi alivyomwelekeza kwa simu asubuhi ile. Wekundu ukiuvuka mstari, Wilma alisema, msikae hapo, kimbieni hospitali. Alisema kwa kunong'ona kwa sababu alikuwa kazini, na kazini alikuwa ameshaonywa asije tena kwetu.

Pale mahali tunapaita Kwa Chai. Zamani palikuwa duka la viatu. Josette Linklater alianza na birika moja na mkate wa kukaanga, baada ya kuwazika vijana wetu wengi mno ambao wangepona kama wangetibiwa mapema. Watu wa roho mbili, wale wenye roho ya kike na ya kiume pamoja, walikuja kunywa chai, kwa sababu chai haimwulizi mtu alizaliwa nani. Wakaja na wengine: wanaume wanaopendana, wanawake wanaopendana, wasichana kama Darcy ambao vyeti vyao vinawaita wavulana. Mtu akishashika kikombe husema kinachomuuma. Ndipo Wilma Penner akaanza kuvuka reli kila Jumatano akitoka zamu hospitalini, na daktari mmoja mzee akawa anaandika dawa, na sindano zikawa safi, na kwa miaka kadhaa ng'ambo yetu ya reli, hapa mjini Kettle Crossing, ilipumua. Hospitali haikutusaidia hata kwa bandeji. Leo hii inasema ilitusaidia.

Ukutani kulitundikwa gauni la njuga ambalo Darcy alikuwa akilishona mwenyewe, njuga moja moja, tangu vuli. Ngoma ya gauni hilo huchezwa kwa ajili ya wagonjwa. Kina mama wa ngoma walikuwa wameshamwambia, majira ya kuchipua yakija utasimama kwenye mstari wetu. Alikuwa na miaka ishirini na sita na hajawahi kusimama kwenye mstari wowote aliokaribishwa.

Mlango ukagongwa, akaingia mzungu mrefu, kofia mkononi, theluji mabegani. Alikuwa Bwana Trevor Haldane, mkurugenzi wa afya wa wilaya nzima. Kifuani alibandika utepe wa rangi za upinde wa mvua. Alimwamkia Josette kwa Kikrii, lugha yetu sisi wenyeji, Kikrii kibovu lakini chenye adabu, kisha akanyoosha mkono wa kushoto, ule wa upande wa moyo. Kiganjani kulikuwa na tumbaku iliyofungwa kwenye kitambaa chekundu.

Josette aliitazama. Tangu amefahamu dunia, hakuna mkubwa wa hospitali aliyewahi kuvuka reli kumfuata, sembuse na tumbaku. Masista wa shule ya bweni walimnyoa nywele akiwa mtoto wakamwita Joseph, na nyanya yake ndiye aliyemrudishia nywele, na jina, na adabu, na adabu ya kwanza ilikuwa hii: anayekuja na tumbaku amekuja na haja ya kweli. Alidhani mtu huyu amekuja kuomba ushauri. Akaipokea.

Kwetu ukishaipokea umekubali atakachoomba mtoaji, na kurudi nyuma hakuna. Huo ndio mwiko wenyewe, na kila mtu ng'ambo yetu anaujua, na kumbe Bwana Haldane naye alikuwa ameujua.

“Tunafungua kituo, Mzee Josette,” alisema, akikaa bila kukaribishwa. “Kituo cha afya cha watu wa roho mbili na jamii zote zinazofanana nao. Palepale hospitalini, ghorofa ya chini. Ni wazo lenu hili. Tumewasikiliza.”

“Mmetusikiliza au mmetuibia?” Darcy alisema kutoka kwenye benchi.

Haldane akatabasamu vile mtu anavyomtabasamia mtoto wa mwenzake. “Nakuomba utufungulie kwa sala, Ijumaa. Waziri anakuja. Na kama huyu binti anaweza kutuchezea kidogo, lile gauni pale ni zuri mno.”

“Huyu binti hawezi kusimama,” Josette alisema.

“Pole sana.”

“Na hapa je?”

“Hapa hapatakuwa na haja tena. Jengo litarudi kwa mwenyewe mwisho wa mwezi. Tumeshazungumza naye.”

“Mmezungumza naye. Na Wilma?”

“Wilma ni mwajiriwa wetu. Atakwenda tutakapompangia.” Akainama mbele, sauti akaishusha. “Usiwe na wasiwasi. Hatutaki mtu yeyote apotee njiani. Huyu binti mlete Ijumaa hiyohiyo. Ataonwa. Nakuahidi.”

Alipoondoka, Darcy alikuwa wa kwanza kusema. “Mrudishie.”

“Hairudishwi.”

“Yule kafundishwa kwenye semina, Shangazi. Siku mbili, na chakula cha mchana. Wamemwambia mkono upi wa kutolea.”

“Mkono ni wake. Tumbaku si yake, ni ya mababu.”

“Haya. Basi twende tukawasalie wezi.”

Josette alikasirika, lakini si kwa Darcy. Alijikasirikia mwenyewe kwa kuwa na adabu.

Ijumaa alfajiri wekundu ulikuwa umeuvuka mstari na kushuka hadi chini ya goti. Darcy alikuwa akitetemeka na kuzungumza na watu wasiokuwepo. Binamu mmoja wa Josette aliwapeleka kwa gari lake la mizigo, Darcy katikati, mablanketi matatu juu yake. Mlangoni pa hospitali wakapata kiti cha magurudumu.

Ghorofa ya chini ilikuwa imepambwa. Utepe wa rangi zote ulikatisha korido, keki juu ya meza, kamera, watu waliovaa vizuri wakinywa kahawa. Msichana mmoja mwenye kitambulisho shingoni, Brooke, aliwajia mbio akitabasamu.

“Mzee Josette, afadhali umefika. Waziri ana ndege ya kuwahi.”

“Huyu anaumwa. Bwana Haldane alisema ataonwa hapa.”

Brooke aliangalia kiti, akaangalia chini ya blanketi, akaacha kutabasamu. “Lakini kituo hakijaanza kuona wagonjwa. Leo ni ufunguzi tu. Vitanda vinakuja baada ya Pasaka.”

“Aliniahidi.”

“Nafikiri alimaanisha atapokelewa hospitalini. Emajensi ni hapo tu, mwisho wa korido. Nitampeleka mwenyewe.”

Upande wa pili wa ukumbi Bwana Haldane alipunga mkono na kuonyesha saa yake. Josette alishika vishikio vya kile kiti, hakuviachia. Mtu aliyepokea tumbaku haondoki kabla hajatimiza. Na mtoto hasukumwi na mgeni. Alisimama hapo na mambo yote mawili yakimvuta, na watu wakaanza kugeuka kumtazama.

Darcy akafumbua macho. “Nenda, Shangazi. Ulishaipokea.” Midomo yake ilikuwa imekauka. “Sali kwa kirefu. Mpaka miguu iwaume.”

Josette akaviachia.

Hawakumruhusu kuwasha majani ya kufukizia. King'ora cha moshi, walisema, na sera. Walimpa bakuli la majani makavu yasiyowashwa na mshumaa wa betri. Akasimama mbele ya kamera akasali kwa Kikrii, na kwa Kikrii alisema yote aliyotaka kusema. Aliwaambia mababu kwamba watu hawa ni waongo. Aliwaambia keki hii imeokwa kwa unga ulioibwa Kwa Chai. Aliwaambia, mtoto wangu yuko mwisho wa korido hii, anaitwa Darcy Moostoos, kasimameni naye nyie, mimi nimefungwa hapa. Waziri alifumba macho kwa unyenyekevu mkubwa. Watu walipiga makofi. Mwanamke mmoja alifuta machozi, akamshukuru kwa maneno mazuri namna ile.

Wakampiga picha na mkasi. Kisha hotuba, ya Haldane, ya waziri, ya mtu mwingine. Kila alipojaribu kutoka mkono ulimgusa begani kwa upole ukamrudisha mahali pake.

Alipofika emajensi, kiti cha Darcy kilikuwa kimegeuziwa ukutani, karibu na mashine ya soda. Kichwa kilimwinamia kifuani. Josette alimgusa shavu, akauvuta mkono haraka kwa lile joto.

“Huyu hamjamwona?” aliuliza dirishani.

Karani aliangalia kompyuta. “Curtis Moostoos? Tulimwita mara tatu. Hakuitika, tukamtoa kwenye foleni.”

“Anaitwa Darcy.”

“Kadi inasema Curtis.”

“Lakini mlimwona kwenye kiti hiki hapa. Mnamwona.”

“Mama, mimi naita jina lililopo kwenye kadi.”

Darcy alikuwa akisikia. Alisema polepole, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. “Mara ya kwanza niliinuka, Shangazi. Niliinuka kwa mguu huu. Mlinzi akasema, kaa chini bibie, kaitwa mwanamume. Watu wakacheka. Mara nyingine mbili sikuweza kuinuka.”

Hapo Josette alipiga kelele. Mwanamke ambaye ng'ambo yetu hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti alipiga kelele mpaka daktari akatoka, na mlinzi naye akatoka, na mlinzi alimfikia kwanza. Alimshika mkono wa juu akamwambia asipotulia atamtoa nje. Daktari alifunua blanketi, akatazama, akaita watu kwa sauti iliyobadilika. Wakamsukuma Darcy ndani mbio. Ndipo ikawa haraka.

Jioni walimkata mguu, huko juu pajani. Daktari wa upasuaji alikuwa mtu mwema, alikaa na Josette, akamweleza kwamba angewahishwa asubuhi pengine wangeufungua tu na kuusafisha. Alisema pengine mara nyingi. Josette alimshukuru, kwani yeye angalau alisema.

Wiki iliyofuata walibadilisha kufuli ya Kwa Chai. Josette alikuwa ameshatoa birika na gauni la njuga. Siku hiyohiyo alifunga tumbaku yake mwenyewe kwenye kitambaa chekundu, akavuka reli kwa miguu, akaenda ofisini kwa Bwana Haldane.

Kwenye korido kulikuwa na picha yake Josette, kubwa, akiwa na mkasi. Alipita bila kuitazama.

Ofisi ilikuwa na joto zuri. Kabati la kioo lilisimama ukutani, ndani yake mkasi wa ufunguzi juu ya kitambaa cha mahameli, na pembeni nafasi tupu. Haldane alisimama kumpokea. Alikuwa na huzuni usoni, huzuni iliyonyooshwa vizuri kama shati lake.

“Mzee Josette. Tumesikia. Inasikitisha sana.”

Josette alisogea hadi mezani. Alinyoosha mkono wa kushoto.

Haldane aliona kile kitambaa chekundu na macho yakamlainika kweli. Alikipokea kwa mikono miwili. “Hii ni heshima kubwa. Sijui niseme nini.”

“Umepokea?”

“Nimepokea.”

“Haya, sikia ninaloomba. Twende juu, ghorofa ya tatu, sasa hivi. Ukae karibu na kitanda chake umwambie kwa mdomo wako mwenyewe kwa nini hakuonwa. Umwite Darcy. Na bangili aliyofungwa mkononi mpaka leo inasema Curtis. Uikate.”

Haldane alibaki na tumbaku mikononi. Aliitazama, kisha akautazama mlango.

“Jambo hili liko kwa wanasheria,” alisema. “Nikizungumza naye sasa inaweza kuonekana kama tunakiri kosa. Naomba unielewe. Kama ungeniambia kabla...”

“Na wewe ulinipa kabla ya kusema unachotaka.”

“Ile ilikuwa tofauti.”

“Tofauti yake nini?”

Simu mezani ikalia, Haldane akaiangalia kama mwenye kiu aliyeletewa maji. Hakuipokea, lakini ilimpa muda. Alikwenda kwenye kabati, akalifungua kwa ufunguo mdogo, akaiweka tumbaku kwenye ile nafasi tupu kando ya mkasi. Akaisogeza kidogo ili kitambaa kionekane vizuri.

“Nafasi hii tulikuwa tumeliwekea lile gauni, kama mngependa kutuazima,” alisema. “Lakini hii ni bora zaidi. Hapa itakuwa salama.” Akafunga.

Josette alipanda ngazi mwenyewe. Lifti ilikuwepo, hakuitaka.

Darcy alikuwa macho, amelala chali, akitazama blanketi mahali lilipolala bapa. Alikuwa amekataa chakula. Gauni la njuga lilikunjwa kwenye mfuko chini ya kitanda, hakuwa ameomba kuliona.

“Ulimpa?” aliuliza.

“Nilimpa.”

“Na alipokea?”

“Alipokea.”

“Kwa mikono miwili?”

“Kwa miwili.”

Darcy alicheka kidogo, kicheko kikamuumiza akakiacha. Kisha akashika reli ya kitanda, akajivuta juu ya mito, ile bangili ya plastiki ikagonga chuma.

“Shangazi, nipe kitana.”

Josette alikitafuta mkobani, akampa. Hakuweza kumwambia kwamba Haldane hatakuja. Darcy alianza kuchana nywele, upande mmoja kisha wa pili, uso akiwa ameuelekeza mlangoni.