Mbega Aliyesimama Kusalimia

Shiko alitaka kitu kimoja tu duniani: nafasi ya kwenda Nairobi kwenye mashindano ya gemu ya mbega. Katika gemu hiyo unavaa miwani mikubwa inayofunika macho, unageuka mbega, kisha unaruka tawi hadi tawi kwa nguvu za mikono yako mwenyewe. Mkimbizaji akimgusa mwenzake kabla ya kengele, ameshinda. Asipomgusa, imekula kwake. Na mpinzani wake siku hiyo, Kiptum wa Keringet, alikuwa hagusiki. Shiko alimkimbiza hadi jasho likamtiririka, huku wateja wa Varun, mwenye duka la gemu aliyeahidi kumpeleka mshindi Nairobi, wakitazama skrini ukutani na kumcheka waziwazi.

Kengele ilikaribia kulia mlango ulipofunguliwa. Nyanya yake Shiko, aliyetoka Mau Narok kuja kumwona mjukuu akicheza, aliingia na kuanza kusalimia watu kwa mkono, mmoja mmoja, kama alivyozoea kanisani. Hakuruka mtu. Akawafikia vijana wawili waliofunikwa macho, wakipigapiga hewa.

"Hamjambo, watoto?"

Kiptum akasimama. Huko juu mtini mbega wake akainamisha kichwa na kunyoosha mkono, kwa adabu zote, kumsalimia mzee ambaye hata hamwoni. Shiko aliisikia sauti ya nyanya, shosho wake, akaijua. Hakujibu. Aliruka, akamgusa Kiptum mgongoni.

Kengele ikalia. Watu wakashangilia, halafu kelele zikafifia zenyewe. Shiko alipovua miwani alimkuta shosho ameshika mkono wa Kiptum, anamuuliza habari za wazazi wake. Aibu ikampanda hadi masikioni.

"Wewe ndio umeshinda," Varun alisema. "Nikupeleke Nairobi?"

"Zii. Turudie."

"Shiko, wacha ujinga," Kiptum akasema. "Umenishika fair."

"Vaa miwani, boss."

Walirudia. Alikimbiza kuliko alivyowahi kukimbiza, mabega yakawaka moto, na Kiptum akamponyoka kama sabuni ya kuogea. Kengele ikamkuta Shiko tawi moja nyuma. Nafasi ikaenda Keringet.

Ilimuuma, na hakujifanya haikumuuma. Lakini alipovua miwani na kugeuka, shosho alikuwa bado amesimama pale pale, mkono amemnyooshea.

"Sasa umeshuka mtini?"

Shiko akaushika kwa mikono yote miwili, akicheka na machozi yakimlengalenga.

"Nimeshuka, Shosho."